Atomu ya Dhahabu kwa Vipimo Halisi

Jina la nchi yetu halitajwi mtu akiwa ameketi. Ni sheria. Na kwa kuwa mimi ninaandika nimekaa, miguu ikiniuma, nitasema tu "nchi yetu". Msomaji anayeifahamu asimame mwenyewe kwa niaba yangu.

Nchi yetu haijengi vitu kwa saruji na makelele kama nchi nyingine. Sisi tunajenga kwa halaiki. Mradi ukishachezwa uwanjani na vijana waliovaa sare, mbele ya Mtukufu Mlezi, unahesabiwa umekamilika. Reli yetu ilikamilika hivyo: vijana walishikana viuno, wakapuliza unga uwe moshi, wakazunguka uwanja, Mtukufu akakata utepe. Bwawa la umeme lilikamilika kwa vitenge vya buluu. Hospitali ya rufaa ndiyo iliyofana kuliko yote, kwa sababu mwisho wa wimbo wagonjwa wote walisimama.

Ila reli ilituletea aibu kidogo. Balozi mmoja wa kigeni aliyekuwa jukwaani aliuliza inafika wapi. Mtukufu akamtazama Waziri, Waziri akatazama viatu vyake. Kesho yake ikatoka Amri ya Vipimo Halisi: kuanzia siku hiyo, halaiki ikikosea vipimo vya kitu chenyewe, mtunzi wake atapelekwa Kambi ya Shukrani. Kambi hiyo ni mahali ambapo mtu hufundishwa kushukuru. Sijawahi kukutana na aliyehitimu.

Mimi nilikuwa karani katika Wizara ya Halaiki na Furaha. Sifa yangu ilikuwa moja, sina upande. Nikiulizwa kama jambo ni jema nilijibu "tutaona", na nikiulizwa kama ni baya nilijibu vilevile, na kwa njia hiyo nilidumu kazini mawaziri wanne wakija na kuondoka.

*

Mwaka huo jirani zetu wa ng'ambo ya mto walitangaza redioni kwamba wanajenga kinu cha atomu. Mtukufu Mlezi akauliza barazani, "Sisi tunazo atomu ngapi?"

Mawaziri wakaanza kufunua mafaili yao.

"Kadhaa, Mtukufu," akasema mmoja.

"Zilizokamilika?"

Hapo ndipo Mheshimiwa Nzagamba, waziri wangu, aliposimama akafunga kifungo cha koti. "Mtukufu, atomu ya taifa itakamilika Siku ya Taifa. Kwa halaiki."

"Iwe ya dhahabu," akasema Mtukufu. "Na iwe ya vipimo halisi."

Tulipotoka nje Mheshimiwa alinishika mkono, jasho likimtoka, akaniuliza atomu ni nini. Nikamwambia tutaona. Akanituma nikamlete anayejua.

Anayejua alikuwa Mwalimu Rehani, wa fizikia, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Nilipobisha hodi alifungua akiwa tayari ameshika mkoba wenye taulo na mswaki, maana katika nchi yetu gari la serikali likisimama mlangoni mtu haulizi maswali. Nilipomwambia anaitwa kwa sababu ya fizikia alikaa chini kwanza, akacheka peke yake, kisha akarudisha mswaki mahali pake.

Habari zake zilijulikana mtaa mzima. Mkewe, Mwanaidi, alivuka daraja kwenda kumzika mama yake ng'ambo, na kabla matanga hayajaisha mpaka wa nchi ukafungwa. Ulifungwa kwa sababu redio ya jirani ilisoma bei ya vitunguu kabla ya kusoma salamu za siku ya kuzaliwa ya Mtukufu. Mwaka wa tatu sasa. Mwalimu aliomba kibali cha kutoka, akajibiwa kwamba hatoki mtu nchini ila aliyetumwa na Mtukufu mwenyewe. Akaomba tena. Akajibiwa kwamba anayeomba mara mbili hana shukrani.

*

"Atomu," Mwalimu alimwambia Mheshimiwa Nzagamba mbele ya ubao, "ni chembe ndogo kabisa ya kitu ambayo bado ni kitu hicho. Ukiikata dhahabu, ukaikata tena na tena, mwisho unafika kwenye atomu ya dhahabu. Ukiivunja na hiyo, dhahabu imekwisha."

"Haivunjwi. Endelea."

"Katikati kuna kiini. Humo mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, ambazo hazina chaji. Uzito wa atomu karibu wote uko hapo. Nje yake kuna elektroni, zenye chaji hasi. Hizo ni nyepesi mno. Ukitaka kupata uzito wa protoni moja unahitaji elektroni elfu moja mia nane na zaidi."

Mheshimiwa akaelewa papo hapo. "Yaani serikali iko katikati na wananchi wako nje."

"Sikusema hivyo, Mheshimiwa."

"Na kinachowazuia wasikimbie ni nini?"

"Chaji. Chanya na hasi huvutana."

"Andika upendo," Mheshimiwa akaniambia, nami nikaandika upendo.

Dhahabu, Mwalimu akaeleza, ina protoni sabini na tisa. Ndiyo inayoifanya iwe dhahabu, hiyo hesabu, si rangi. Baraza lilikuwa na watu sitini na nane pamoja na Mtukufu, kwa hiyo wiki hiyohiyo waliteuliwa mawaziri kumi na mmoja, akiwemo Waziri wa Mvua za Vuli na naibu wake wa Ukungu. Nyutroni zilihitajika mia moja na kumi na nane. Tulichukuliwa makarani, watu tusio na upande, tukavalishwa fulana za kijivu. Kazi yetu ilikuwa kukaa katikati ya protoni, maana zenyewe kwa zenyewe zinasukumana, na wote tuliowahi kuhudhuria baraza hatukuhitaji kuelezwa zaidi.

"Na kati ya kiini na elektroni kuna nini?" akauliza Mheshimiwa.

"Nafasi tupu."

"Nafasi tupu! Ndani ya atomu ya Mtukufu!" Akafikiri. "Tutaiita Eneo Tarajiwa la Maendeleo. Ukubwa wake?"

Hapo Mwalimu akageukia ubao ili tusimwone uso. "Watu mia moja tisini na saba wakibanana watatengeneza duara la mita kumi hivi. Kiini kikiwa na mita kumi, Mheshimiwa, atomu yenyewe, kwa vipimo halisi, itafika kilomita mia moja kila upande."

Chaki ikakatika. Mheshimiwa akaenda kwenye ramani ya ukutani, akapima kwa vidole kutoka uwanja wa taifa. Mto wa mpakani ulikuwa kilomita sabini.

"Hii inavuka."

"Naam. Elektroni kumi na tisa za nje zitakuwa ng'ambo."

"Basi punguza kiini!"

"Tukikipunguza, Mtukufu atakanyagwa."

Upande mmoja kulikuwa na sheria kwamba hatoki mtu. Upande wa pili kulikuwa na Amri ya Vipimo Halisi na Kambi ya Shukrani. Mheshimiwa Nzagamba alisimama katikati, na mimi nilimwona Mwalimu akiutazama ule mto wa kwenye ramani. Nilijua anachofanya. Lakini mimi sina upande, nikatazama dirishani.

"Elektroni," akasema Mheshimiwa hatimaye, "anazunguka kwa ajili ya kiini. Kwa maana hiyo ametumwa na Mtukufu. Atapewa kibali."

*

Tangazo lilipotoka, mawaziri walipigana fitina wawe karibu zaidi na Mtukufu ndani ya kiini, kama kawaida. Kitu kigeni kilitokea nje. Wananchi walijipanga kuanzia mlango wa wizara hadi sokoni, bila kuburutwa na mtu, wakiomba kuwa elektroni.

"Mimi sina uzito wowote, bwana," mzee mmoja aliniambia akinishika mkono wa shati. "Muulize mtu yeyote pale mtaani. Sijawahi kuwa na uzito tangu nizaliwe."

"Mimi ni hasi," alisema mama mmoja mfua nguo. "Mume wangu atakuthibitishia."

Mwalimu aliwapanga kwa matabaka: wawili karibu na kiini, nje yao wanane, kisha kumi na wanane, thelathini na wawili, kumi na wanane tena. Agizo lao lilikuwa moja, wazunguke mpaka filimbi ya mwisho. Tabaka la mwisho la dhahabu lina elektroni mmoja tu, peke yake, mbali kuliko wote. Nafasi hiyo hakumpa mtu. Alisema atamtafuta mwenyewe anayefaa, na alipolisema hilo masikio yalimwiva.

Mkuu wa usalama alitaka kujua kila elektroni atakuwa wapi na anaelekea wapi. Mwalimu akamjibu kwamba hilo hata wataalamu wameshindwa. Elektroni haipiti kwenye njia moja kama gari; ukiibana sana ujue ilipo, unapoteza uhakika wa inakokwenda. Mkuu wa usalama akaagiza kwamba elektroni wa mwisho, huyo wa mbali, afuatwe na mtu mwenye redio ya upepo. Wakanichagua mimi kwa kuwa sina upande.

*

Balaa lilikuja siku ya mazoezi. Mtukufu Mlezi alifika mwenyewe, akasimama katikati ya kiini, mawaziri wamembana kifua na mgongo, akafurahi. Aliuliza nani ametunga. Mwalimu akasukumwa mbele.

"Mtu huyu," akasema Mtukufu, "amenipa atomu. Namteua Waziri wa Chembe. Aingie kwenye kiini, asimame kulia kwangu. Na asitoke tena."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Nilikuwa karibu na Mwalimu na niliuona uso wake. Nimewahi kumwona mtu akisomewa kifungo, na alikuwa na nafuu. Mtu wa kiini havuki mpaka. Mtu wa kiini analindwa mchana na usiku, na kulindwa kwetu unakujua.

Alichukua hatua moja kuelekea kwenye kiini. Akasimama.

"Mtukufu, nikiingia tutakuwa themanini."

"Vema. Tumeongezeka."

"Protoni themanini si dhahabu, Mtukufu. Ni zebaki."

"Zebaki ni nini?"

Mwalimu alijibu polepole, jasho likimdondoka kidevuni. "Ni madini yasiyosimama. Ni ya majimaji. Na mvuke wake ni sumu."

Mtukufu Mlezi aliwatazama mawaziri wake mmoja baada ya mwingine. "Basi atoke mmoja, huyu aingie," akasema kwa upole. "Nani anatoka?"

Sijawahi kuona kiini kikikaza namna ile. Naibu wa Ukungu alimkumbatia Waziri wa Mvua. Mtu fulani alianza kulia. Na hapo Mheshimiwa Nzagamba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuitetea sayansi, akapaza sauti: "Mtukufu! Sayansi haina upendeleo! Wa themanini ni huyu!"

"Ni huyu!" wakaitikia wote, kwa sauti moja, na mikono mingi ikamsukuma Mwalimu mpaka akaanguka kwenye nyasi.

"Kwa hiyo anaikataa heshima yangu," akasema Mtukufu.

"Ameikataa, Mtukufu," akasema Nzagamba haraka. "Hana shukrani. Baada ya sherehe aende Kambini. Kwa leo tumshushe uzito. Elektroni wa mwisho bado hajapatikana."

Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi. Walidhani analia. Mimi niliyeinama kumwinua nilimsikia anavyohema kama mtu aliyeponea chupuchupu, na kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kwa ajili ya mtu mwingine.

*

Siku ya Taifa tulipakiwa kwenye pikapu, Mwalimu na fulana yake ya njano, mimi na ya kijivu na redio mapajani. Mwalimu alijua, nami nilijua, kwamba gari la Kambi limeegeshwa nyuma ya jukwaa likimsubiri arudi.

"Bwana Karani," akaniambia tulipokaribia mto, "wewe ni nyutroni, sivyo?"

"Ndivyo wanavyoniita."

"Unajua nyutroni ikitolewa nje ya kiini inakuwaje? Ndani inaweza kukaa milele. Nje, ikiwa peke yake, haidumu. Robo saa hivi, inageuka kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Utaona," akasema, na nikamchukia kidogo kwa kunijibu kwa neno langu.

Darajani tulimkuta Koplo Hokororo, mlinzi wa kizuizi, kijana mwenye bunduki kubwa kuliko cheo chake. Alikuwa amekwisha kuwapitisha elektroni kumi na wanane tangu asubuhi. Ng'ambo, jirani zetu waliambiwa ni mashindano ya mbio, wakaweka meza ya maji na kupiga makofi.

"Wale wa kwanza hawajarudi," Koplo alisema, akikuna shingo. "Nilidhani wanazunguka."

"Wanazunguka," nikasema.

Akainua boriti. Mwalimu akaanza kukimbia. Alikimbia vibaya, jamani, kama mtu anayebeba ndoo. Viatu vya turubai vilimpwaya, akajikwaa hatua za mwanzo tu. Daraja lile ni refu. Mwishoni kabisa, pembeni ya meza ya maji, nilimwona mwanamke aliyefunga kanga kiunoni. Tuliambiwa baadaye kwamba tangu asubuhi alikuwa akimuuliza kila aliyevuka, "Rehani mmemwacha wapi?" Alimwona anayekuja, akaweka chini jagi.

Na hapo redio ikanguruma.

Mtu alikuwa amesahau kidole kwenye kitufe, nikausikia uwanja mzima. Bendi imenyamaza. Sauti ya Mtukufu Mlezi: "Naona kiini. Elektroni ziko wapi?"

Sauti ya Nzagamba, nyembamba: "Ziko kwenye nafasi zake, Mtukufu. Kwa vipimo halisi."

"Wapi?"

"Nje, Mtukufu."

"Nje wapi?"

Kisha sauti nyingine, ya mkuu wa usalama, ikanitaja moja kwa moja: "Nyutroni, unasikia? Rudisha elektroni wa mwisho. Funga kizuizi. Akikaidi, mwambie Koplo apige."

Nilikuwa nimeibana redio sikioni. Koplo hakusikia. Lakini aliona uso wangu, akaishika bunduki vizuri.

"Wanasemaje?"

Mwalimu alikuwa katikati ya daraja. Aligeuka kutazama nyuma, mara moja tu, na nilijua kwamba nikipunga mkono atarudi. Ni mtu wa namna hiyo. Mwanamke wa ng'ambo alikuwa amepiga hatua mbili juu ya daraja, mlinzi wa kwao akamshika kiwiko.

"Wanasemaje, bwana?"

Neno "tutaona" lilikuwa limekaa tayari ulimini, pale lilipokaa miaka yote. Niliitafuta sauti ya kulitoa, sikuipata.

"Wanasema aongeze mwendo," nikasema.

Koplo Hokororo akaweka viganja mdomoni. "Wee Mwalimu!" akapiga kelele. "Kiini kinasema ongeza mwendo!"

Mwalimu akaongeza mwendo. Kiatu kimoja kilibaki darajani. Alipofika mwisho hakusimama kwenye meza ya maji, hakupokea makofi ya mtu. Alimfikia yule mwanamke wakaanguka wote wawili kwa magoti, na kutoka mbali tuliona tu fulana ya njano ikitikisika mabegani. Nililia. Sioni haya kulisema.

"Nyutroni, thibitisha," ikasema redio. "Nyutroni. Thibitisha amerudi."

Safari hii Koplo alisikia. Alinitazama, nami nikamtazama. Bunduki ilikuwa imenielekea kifuani, sidhani kwa kukusudia.

"Na wewe wamesema ufanye nini?" akauliza taratibu.

"Wamesema nimfuate."

Akatazama barabara ya kurudi, ambako kwa mbali vumbi la magari lilikuwa limeanza kuonekana. Akalamba midomo.

"Na mimi? Hawakunitaja?"

"Wamekutaja, Koplo. Wamesema uache bunduki. Ni nzito."

*

Gazeti la serikali liliandika kwamba atomu ya taifa imekamilika na kwamba elektroni wake ni wa hali ya juu hadi hawaonekani. Inasemekana Eneo Tarajiwa la Maendeleo limepanuliwa likashika nchi nzima. Inasemekana pia kwamba kwenye kiini, baada ya makarani kuanza kupungua mmoja mmoja, mawaziri wanasukumana wazi mchana kweupe. Mimi siwezi kuthibitisha.

Watu wa huku tulikovukia huniuliza kama mimi ni mkimbizi. Naudhika sana. Mimi ni raia mtiifu, na Koplo pia. Tuliagizwa kuzunguka mpaka filimbi ya mwisho, na tunazunguka.

Kila jioni tunakaa kwa Mwanaidi, karibu na mto, anakouza uji. Darajani, upande wa nchi yetu, wameweka walinzi wapya, nao hupuliza filimbi kwa nguvu zote, na wakati mwingine hutaja majina yetu kwa kipaza sauti.

"Mwalimu," Mwanaidi husema, akisimama na upawa mkononi, "hamwitwi nyie?"

Mwalimu Rehani hageuki hata kichwa.

"Ni mpira tu huo, mke wangu," humjibu. "Mwongeze Koplo uji."